Mashua nataka kuiita SWAHABA, imamu amenikataza

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa Mikindani. Naomba unisaidie neno kabla fundi hajashika brashi.

Marehemu baba alituachia mashua ya mbao, na mzee mmoja aliyekuwa akienda naye baharini tangu ujana wao. Sisi watoto tunamwita Baba Mdogo, ingawa si wa damu. Baba alipofariki tulikuwa bado shuleni. Mzee huyu ndiye aliyeshika usukani, akagawa samaki kwa haki na kumletea mama fungu letu kila chombo kiliporudi. Yako pia madeni ya baba aliyoyajua yeye peke yake. Aliyalipa kimyakimya mpaka yakaisha. Sasa ameacha bahari, macho hayamruhusu. Mashua tumeitengeneza, tumebadilisha mbao za ubavuni na kutia upya kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, na tunataka siku ya kuishua majini tuipe jina la kumuenzi angali hai.

Nilichora kwa chaki SWAHABA WA KWELI. Imamu wetu alipita pwani akaniambia nifute, jina hilo si la chombo. Hakueleza zaidi, nami niliona haya kumuuliza. Dada yangu akasema tuandike MPAMBE, kwa kuwa mzee alikuwa nyuma ya baba siku zote. Vijana wa pwani wanasema andika CHAWA, ndilo neno la sasa. Kaka anataka MWANDANI. Fundi wa maandishi anapendekeza MSIRI, nadhani kwa sababu lina herufi chache.

Sehemu iliyonyooka kwenye omo, yaani mbele ya chombo, kabla ubao haujaanza kupinda, ina urefu wa sentimita 150. Ubao wa juu una upana wa sentimita 20. Siku hiyo kutakuwa na dua, nami nitasema maneno machache. Nataka niwashukuru na wazee wengine watatu waliokuwa wakienda na baba. Niseme "masahibu ya baba"? Na mama anataka mke wa Baba Mdogo atajwe kuwa shoga yake. Vijana waliposikia wakacheka. Nifanyeje?

Mvuvi, Mikindani

Jibu

Marahaba, mwanangu. Futa chaki kama imamu alivyosema, lakini usihangaike kutafuta mbali. Neno lako limekosea herufi moja tu. Andika SWAHIBA.

Swahaba ni cheo chenye wenyewe. Wanazuoni wa hadithi wanasema swahaba ni mtu aliyekutana na Mtume Muhammad (S.A.W.) akiwa amemwamini, kisha akafa akiwa Mwislamu. Sharti la kwanza ni kukutana naye, na Mtume alifariki mwaka 632. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuingia katika cheo hicho, awe mtu wa Makka au wa Mikindani. Ndiyo maana akitajwa Abubakar au Bilal huongezwa "radhi za Allah ziwe juu yake", na hakuna anayeongeza hivyo kwa rafiki yake wa mtaani. Sasa fikiri jina hilo liko ubavuni mwa chombo kinachomwagikiwa damu ya samaki na kuburutwa matopeni maji yakipwa. Siku nyavu zitakaporudi tupu, baharia mwenye hasira atalitupia tusi. Nadhani hilo ndilo lililomgusa imamu wako, na ana haki.

Swahiba ni neno la ukoo huohuo, lakini liko huru. Shina lake la Kiarabu lina maana ya kufuatana na mtu, kuwa naye pamoja. Wewe mwenyewe umelisoma madrasa ukiwa mdogo bila kujua unalisoma: *as-habul fiil*, wale watu wa tembo, ni wingi wake. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawaliangalii. Katika Qurani neno *sahib* halimaanishi mtu mwema kila linapotajwa. Katika Surat at-Tawba, aya ya 40, ni Abubakar ndani ya pango, anaambiwa na Mtume asihuzunike. Katika Surat Yusuf, aya ya 39, ni wafungwa wawili waliokuwa gerezani pamoja na Nabii Yusuf. Katika Surat al-Kahf, mwenye bustani anayejivunia mali na mwenzake anayemkanya wote wawili wanatajwa kwa neno hilohilo, kila mmoja ni *sahib* wa mwingine. Kwa hiyo neno lenyewe linasema tu kwamba watu hawa walikuwa pamoja. Uaminifu unatokana na matendo ya mtu. Kiswahili ndicho kilicholichukua likawa la rafiki wa moyoni.

Aya inayokufaa zaidi wewe ni ya 36 katika Surat an-Nisaa, inayoamrisha kuwatendea wema wazazi, jamaa, mayatima, maskini, majirani, kisha *as-sahib bil-janb*, yaani mwenza wa ubavuni. Mzee aliyekaa ubavuni mwa baba yako ndani ya mashua moja tangu ujana, sioni neno linalomkaa vizuri kuliko hilo. Ukirudi kwa imamu, nenda na aya hii mkononi. Yeye ndiye atakayesoma dua. Si vizuri akalikuta jina jipya siku hiyohiyo.

Huenda akatokea mtu akasema SWAHIBA ni mwanamke. Huyo anasoma kwa Kiarabu, ambako *sahiba* ni umbo la kike. Katika Surat Abasa, aya ya 36, lina maana ya mke. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Mwanamume ni swahiba, mwanamke ni swahiba. Wengine husema sahiba, sahibu au swahibu. Herufi ya Kiarabu inayoanzia ni ile nzito, ndiyo maana tunapata sauti mbili, kama ilivyo kwa saumu na swaumu, sala na swala. Zote zinaeleweka, ila chagua moja uishike. Chombo chenye SWAHIBA upande mmoja na SAHIBA upande wa pili kinaonekana kimechorwa na watu wasiosikilizana.

"Wa kweli" yaondoe. Pwani kwetu maandishi ya kwenye chombo husomwa kama jina la kanga: watu hutafuta limemlenga nani. Ukiandika "wa kweli", jambo la kwanza watakalojiuliza ni nani alikuwa wa uongo, na wale wazee watatu watakuwa wamesimama palepale mchangani.

Bado kuna suala ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ni zito kuliko tahajia. Huyu alikuwa swahiba wa nani? Alikuwa wa baba yako. Usahiba ni wa watu wa rika, au waliokubaliana kuwa sawa. Mtoto hamwiti rika la baba yake "swahiba wangu" mbele za watu, hata kama wanataniana nyumbani. Kwa hiyo katika maneno yako sema "swahiba wa marehemu baba", na ukimwita yeye mwenyewe endelea na "Baba Mdogo". Kwenye ubao, neno SWAHIBA peke yake linatosha, kwa sababu halisemi ni wa nani, na kila mtu wa Mikindani aliyewahi kuwaona wawili hao atajua.

Sasa maneno ya wenzako, maana kila moja lina mahali pake.

Mpambe ni yule anayesimama na bwana au bibi harusi, na ni yule afisa wa jeshi anayesimama nyuma ya Rais. Hapo ni neno la heshima. Lakini siasa imelichosha: wapambe wa mgombea ni wapiga debe, na "wapambe nuksi" kila mtu anawajua. Isitoshe, mpambe hufanya kazi yake macho ya watu yakiwa juu yake. Baba Mdogo alifanya yake bila kutafuta macho ya watu.

Chawa sitalipamba. Chawa hula mwilini mwa mtu. Vijana wanaojiita chawa wa fulani wanatania, lakini maana yake haijabadilika: anasifu ili ale. Mzee aliyeleta fungu la yatima mpaka mlangoni hali yeye ndiye aliyevua, ukimwita chawa umemgeuza kutoka mtoaji kuwa mlaji. Hata kwa mzaha lisitajwe siku hiyo.

Mwandani ni neno zuri mno, na kaka yako ana sikio la lugha. Linatokana na "ndani": ni rafiki aliyeingia mpaka ndani ya mambo yako. Wingi wake ni wandani, na halina tatizo la upatanisho: mwandani wangu, wandani wangu. Lakini kwenye ubao wa mashua silitaki, kwa sababu moja. Mwanandani ni ule mfuo wa ndani ya kaburi anapolazwa maiti. Kila mwanamume aliyewahi kushuka kaburini kuzika analijua. Fundi akikosea akaongeza NA moja, au mtoto akisoma haraka, mashua yako imepata jina ambalo hakuna baharia atakayelipanda kwa moyo mweupe. Katika maneno ya mdomoni litumie bila wasiwasi, ila litamke polepole.

Msiri ni mtu unayempa siri zako akazihifadhi. Ndivyo alivyo mzee huyu hasa, na kwa sababu hiyohiyo usiliandike. Ukiandika MSIRI kwa herufi kubwa, umetangaza kwamba palikuwa na siri, na watu wataanza kuuliza ni zipi. Yale madeni aliyoyalipa kimyakimya aliyafunika ili jina la baba yako lisichafuke. Usiyafunue wewe kwenye kipaza sauti kwa nia ya kumshukuru. Mshukuru kwa hilo faraghani, wewe na kaka yako, mkiwa mmekaa naye barazani kwake. Siku hiyohiyo mwombeni ruhusa ya jina, kabla fundi hajaanza kazi. Msimpe zawadi hii kwa kumshtukiza. Mzee ana haki ya kukataa kusifiwa hadharani.

Mwenzi na mwenza hukuyataja, lakini nayaongeza kwa kuwa fundi anaweza kukuletea. Yote mawili watu husoma mke au mume. Yaache.

Wingi sasa. "Masahibu ya baba" usiseme kabisa! Masahibu, pia masaibu, ni misukosuko na mabalaa yanayompata mtu, na linatokana na neno jingine la Kiarabu kabisa. Ukisema "nawashukuru masahibu ya baba", wasikilizaji watasikia kwamba unashukuru matatizo ya marehemu. Upatanisho ndio unaotenganisha: masahibu ya baba yalikuwa mengi ni mabalaa, masahibu wa baba walikuwa wengi ni marafiki. Lakini kipaza sauti na upepo wa kusi havitamsaidia mtu kusikia tofauti ya "ya" na "wa". Sema "maswahiba wa baba", au "wenzake baba". Na kwa kuwa umo humohumo: rafiki huchukua "yangu" (rafiki yangu), swahiba huzoeleka zaidi na "wangu" (swahiba wangu). Ukiwa na "marafiki zangu" na "maswahiba wangu" katika sentensi moja hujakosea.

Kuhusu mama. Shoga ni neno la zamani la pwani, la mwanamke kwa mwanamke mwenzake, na mama yako analitumia sawasawa. Vijana wamecheka kwa sababu siku hizi neno hilo hutumiwa pia kwa mwanamume anayependa wanaume, nao hiyo ndiyo maana waliyoizoea. Usimnyang'anye mama neno lake. Aliseme kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa upande wa wanawake, "huyu ni shoga yangu", na hakuna atakayecheka. Wewe mwanamume usilisome kwa niaba yake; sema "mwandani wa mama yetu".

Maneno yenyewe ya siku ya kushua yasizidi dakika mbili, kwa sababu maji yakijaa hayakusubiri. Unaweza kusema hivi, ukibadilisha utakapopenda:

"Baba Mdogo, shikamoo. Wazee wetu wote, shikamooni. Mashua hii ilikuwa ya marehemu baba yetu, Mungu amrehemu. Alipotangulia mbele ya haki, usukani haukuachwa. Baba Mdogo aliushika, akagawa samaki kwa haki, na fungu la nyumba yetu halikukosekana hata siku moja. Alikuwa swahiba wa baba, na kwetu amekuwa baba. Kwa idhini yake, mashua hii kuanzia leo inaitwa Swahiba. Tunawashukuru pia maswahiba wengine wa baba walio hapa, na tunamshukuru mama yetu mdogo, mwandani wa mama yetu. Tunaomba dua zenu."

Wale wazee watatu wataje kwa majina, kuanzia mkubwa wao. Angalia kuwa maneno haya yametaja matendo matatu tu, na yote matatu watu wa pwani waliyaona kwa macho yao. Usiongeze sifa kama "mwaminifu" au "wa dhati". Fungu lililofika kila chombo kiliporudi limekwisha kusema.

Jina likishapatikana, wafundishe mabaharia wako kulitamka kwa upatanisho wa mashua: Swahiba imerudi, Swahiba haijaonekana. Wakisema "Swahiba hajaonekana", wamemzungumzia mtu. Mzee yu hai na ana familia. Simu ya usiku yenye neno moja kukosewa itawafanya watu waanze kulia nyumbani kwake. Wakiwa na shida baharini wakapiga simu kuomba msaada, waseme "mashua Swahiba", maneno yote mawili.

Nimalizie na ubao, maana kazi nzuri ya neno huharibikia kwa fundi. Ubao wako wa sentimita 20 unabeba herufi za kimo cha sentimita 15, zikabaki mbili na nusu juu na chini. Usizidishe hapo, kwa sababu herufi ikivuka mshono wa mbao, kalafati ikicheza rangi itapasuka palepale. Kwa kimo hicho, pima upana hivi: W sentimita 14, A 11 kila moja, H 10, S na B 9 kila moja, I 3. Jumla ni 67. Acha sentimita 3 kati ya herufi na herufi, nafasi sita, ni 18. Neno zima linachukua sentimita 85, na kwenye urefu wako wa 150 linakaa kwa raha. SWAHIBA WA BABA kwa kimo hichohicho ni kama sentimita 180, haliingii. Ukilipunguza mpaka kimo cha 12 linaingia kwa kubanwa, likibakiza sentimita 3 kila upande, na aliye ufukweni hatalisoma vizuri.

Kama ubao umepakwa sifa, yale mafuta ya papa, au mafuta mengine yoyote, rangi haitashika. Itabanduka vipande vipande. Futa kwa tina, piga msasa, acha ukauke vizuri, ndipo upake rangi ya chini nyeupe. Herufi zipakwe rangi ya mafuta mikono miwili, yaani mara mbili, kila mkono uachwe ukauke usiku mmoja.

Fundi akate herufi kwenye karatasi ngumu, azitumie pande zote mbili za chombo. Upande wa kushoto S ndiyo inayokaa karibu na omo. Upande wa kulia neno linaishia kwenye omo, na S inakuwa nyuma. Kosa la kawaida hapa ni fundi kuigeuza karatasi. Katika SWAHIBA, herufi W, A, H na I hazibadiliki zikigeuzwa, kwa hiyo kosa halionekani mapema. S na B ndizo zitakazotazama nyuma. Mwambie azichore hizo mbili kwanza kwa chaki, pande zote, nawe uzikague kabla hajafungua kopo.